Kilichoonekana Kutoka Ngomeni

Kila ninapoitaja Ngomeni mbele ya watu wanaofuatilia habari za anga, mazungumzo huelekea pande mbili. Wazee husimulia moto na mngurumo wa roketi zilizokuwa zikirushwa kutoka baharini, na wapenda siasa huuliza Kenya ilipata nini katika mikataba yake na Italia. Maswali yote mawili ni halali, na juu ya hilo la pili nina maoni ambayo sitayaficha. Lakini mimi ni mtu niliyepagawa na nyota tangu utotoni, nikasomea uhasibu kwa sababu ndiyo kazi iliyopatikana, na hadi leo hununua lenzi kwa fedha ambazo mke wangu angependa ziende kwenye mabati. Kinachonikera ni kwamba karibu hakuna anayeuliza roketi zile zilibeba nini, wala hicho kilichobebwa kiliona nini kilipofika juu.

Kwa asiyepajua, Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi. Ukishika barabara ya Garsen, ukavuka mto Sabaki, ukapita Mambrui hadi Gongoni, kisha ukakata kulia kuelekea baharini, utapita kando ya mabwawa ya kuvunia chumvi na mikoko mpaka ufike ufuoni. Kutoka hapo, siku isiyo na ukungu, utaona katika Ghuba ya Ungwana majukwaa ya chuma yaliyosimama juu ya miguu iliyokitwa kwenye sakafu ya bahari. San Marco ndilo lililorushia roketi, na Santa Rita ndilo walilokaa waongozaji. Aliyebuni mpango huo ni Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, mhandisi aliyekuwa pia afisa wa jeshi la anga la Italia. Setilaiti ya kwanza ya Italia, San Marco 1, ilirushwa kutoka kisiwa cha Wallops huko Marekani mwezi Disemba 1964. Ya pili ilirushwa kutoka Ngomeni tarehe 26 Aprili 1967. Kati ya mwaka huo na 1988 setilaiti tisa ziliondoka pale, zote kwa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout, yenye hatua nne za fueli ngumu.

Pwani yetu haikuchaguliwa kwa ajili ya fukwe zake. Kwenye ikweta uso wa dunia huenda mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi inayoelekea upande huo huanza safari ikiwa na kasi hiyo ya bure, na kwa roketi ndogo kama Scout bure hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu kwa maelfu ya kilomita, hivyo vipande vinavyodondoka havimwangukii mtu. Sababu ya tatu ndiyo iliyowavutia wanafalaki hasa: setilaiti inayozunguka karibu na ikweta huepuka sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya kusini ambako mikanda ya mnururisho inayoizingira dunia hushuka chini na kuvuruga vyombo vya kuhesabu miale. Chombo kinachotaka kusikiliza vitu vilivyofifia sana hakiwezi kupita katika kelele kama hiyo kila baada ya saa moja na nusu.

Mjomba wangu alifanya kazi kwenye boti zilizovusha watu na mizigo kati ya nchi kavu na majukwaa. Alirudi nyumbani na Kiitaliano chake cha jikoni na masimulizi mengi ya chakula, maana kilichomshangaza zaidi kwa wageni wale hakikuwa roketi bali uwezo wao wa kula tambi kila siku bila kuchoka. Nilipomuuliza ndani ya kichwa cha roketi mlikuwa na nini, alinijibu bila kusita, “Sanduku la kusikilizia nyota, mjomba.” Kwa miaka mingi nililiona jibu hilo kuwa la mtu asiyetaka kusumbuliwa na mtoto. Baadaye, nilipoanza kusoma mambo haya kwa makini, niliona kwamba kueleza vizuri zaidi ya hapo kwa maneno machache ni vigumu, kwa sababu setilaiti mashuhuri kuliko zote zilizotoka Ngomeni haikuwa na kamera hata moja ya kupigia picha anga.

Nyota zenyewe nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, ambaye alizihitaji kwa shughuli za shamba. Kwake Kilimia, kile kishada cha nyota zilizosongamana, kilikuwa kalenda: “Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.” Alijua kinapotoweka jioni upande wa magharibi, na alijua alfajiri ya kukitazamia upande wa mashariki, na hakuona sababu ya kujua zaidi. Mimi niliiona sababu. Nilitaka kujua kile kinachowaka pale kinawaka kwa nini, na swali hilo ndilo lililonileta hatimaye kwenye habari za eksirei.

Angahewa yetu huizuia miale ya eksirei isifike ardhini, jambo lililo jema kwa afya na kero kwa elimu ya falaki, kwani mtu anayetaka kuiona anga kwa miale hiyo hana budi kupanda juu ya hewa. Tarehe 18 Juni 1962, kundi la watafiti lililoongozwa na Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, lilirusha roketi ndogo kutoka New Mexico ili kutafuta eksirei zinazotoka mwezini. Roketi ilikaa juu dakika chache tu kisha ikaanguka, na katika dakika hizo ikakuta kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: chanzo chenye nguvu katika kundinyota la Nge, kilichopewa jina la Scorpius X-1. Jua letu hutoa eksirei chache mno zikilinganishwa na nuru yake ya kawaida, na hapa palikuwa na kitu ambacho karibu nguvu zake zote zilitoka kwa njia hiyo. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kudokoa, roketi hii ikipata dakika tano na ile ikipata dakika tano, na mpaka mwisho wa mwongo huo vyanzo vilivyojulikana vilikuwa makumi machache, bila mtu kujua kwa hakika vilikuwa vitu gani.

Ndipo ilipokuja ile ya 12 Disemba 1970. Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, na kutoka jukwaa la San Marco ikapaa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya falaki ya eksirei pekee, yenye uzito usiofika kilo 150. Kwenye makaratasi iliitwa SAS-A. Jina la Uhuru ilipewa kwa heshima ya nchi mwenyeji na siku yake, na aliyelichagua ni Marjorie Townsend, meneja wa mradi huo katika NASA, ambaye mwaka 1951 alikuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Nimekutana na Wakenya wengi wenye shahada ambao hawajawahi kusikia kwamba neno hilo limo katika kila kitabu kizito cha falaki kilichoandikwa tangu wakati huo.

Namna ilivyofanya kazi ni rahisi mpaka inafurahisha. Chombo kilikuwa na madirisha mawili yaliyopeana mgongo, na nyuma ya kila dirisha kulikuwa na visanduku vya gesi vilivyohesabu kila chembe ya eksirei iliyoingia. Mbele ya visanduku palikuwa na vijia vya chuma vilivyoruhusu miale ya upande mmoja tu kupita. Dirisha moja lilikuwa jembamba, la nusu digrii kwa digrii tano, yaani upana wake ulikuwa sawa na ule wa mwezi mpevu unavyoonekana angani. Setilaiti yote ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, na dirisha likafagia utepe wa anga. Kilichofika ardhini kilikuwa tarakimu: mbili, tatu, mbili, tano, tisa, kumi na nne, tisa, tano, mbili. Ukizichora unapata pembetatu, kwa kuwa chanzo huingia kidogo kidogo kwenye dirisha, hufika katikati, kisha hutoka. Kilele cha pembetatu hukuambia mahali, na urefu wake hukuambia nguvu. Kwa pembetatu hizo, zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka miwili, ilichorwa ramani ya kwanza ya anga nzima katika eksirei, na orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339.

Ramani ingetosha kuipa sifa, lakini utamu uko katika pembetatu zilizokataa kuwa pembetatu. Mapema mwaka 1971, walipokitazama chanzo kiitwacho Centaurus X-3, watafiti waliona kwamba mteremko wake una meno kama ya msumeno, na meno yale yalijirudia kila baada ya sekunde 4.8. Walipoendelea kukifuatilia, wakaona kwamba kila baada ya siku mbili na kidogo chanzo hicho hutoweka kwa karibu nusu siku kisha hurudi, na kwamba nafasi kati ya jino na jino hurefuka na kufupika kwa mpangilio uleule. Maana yake ilikuwa moja tu: kitu hicho kinazunguka nyota nyingine, kinapita nyuma yake, kinatukaribia na kuondoka. Kilikuwa nyota ya nyutroni, mabaki mazito ya nyota iliyokufa, inayofyonza gesi ya mwenzake; gesi inapoanguka hupata joto la mamilioni ya digrii na kung'aa kwa eksirei. Nishati hiyo haitokani na muungano wa nyuklia unaowasha Jua letu, hutokana na kuanguka kwenyewe. Kuna wanafizikia waliokuwa wameliwaza jambo hilo kabla, lakini ushahidi ulitoka kwenye chombo kilichopaa Ngomeni, na hilo ndilo ningependa kila mtoto wa Malindi alijue kabla ya kujua bei ya chumba cha hoteli.

Kisha kuna Cygnus X-1, ambacho mimi binafsi ndicho kipenzi changu. Chanzo hiki hakikuwa na meno ya kujirudia. Kilimetameta ovyo, na mabadiliko yake yalitokea ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kasi ileile ya ukomo wa vyombo vya Uhuru, vilivyohesabu kwa vipindi vya karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kasi hiyo ina maana kubwa. Fikiri zefe la Maulidi lililotanda mtaa mzima, wapiga matari wakiwa mbele, katikati na nyuma: hata wote wakipiga kwa pamoja, wewe uliyesimama mwisho wa mtaa utasikia mvumo uliotawanyika, kwa sababu sauti ya walio mbali hukufikia ikiwa imechelewa, pigo moja kali hutoka kwa kundi lililosongamana tu. Nuru nayo huchukua muda kusafiri. Kitu kinachobadilika katika sehemu moja ya kumi ya sekunde hakiwezi kuwa na upana unaozidi kilomita 30,000, mara mbili na kitu hivi ya dunia yetu, na hiki kilikuwa kikitoa nishati nyingi kuliko Jua kwa maelfu ya mara.

Makala ya mwaka 1971 iliyotangaza mmeto huo iliongozwa na Mjapani Minoru Oda. Mwaka huohuo darubini za redio huko Uholanzi na Marekani zilipata mahali hasa pa chanzo hicho, na mahali hapo palikuwa na nyota kubwa ya buluu iliyokwisha kuorodheshwa zamani kwa jina la HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Thomas Bolton huko Toronto, waliipima nyota hiyo na kukuta inayumba huku na huku kila baada ya siku 5.6, ikivutwa na mwenzi asiyeonekana aliye mzito mno kuwa nyota ya nyutroni. Hilo likawa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haiwezi kukitoka, la kwanza ambalo wanasayansi walilikubali kwa ujumla, ingawa Stephen Hawking alichezea dau na Kip Thorne mwaka 1974 kwamba si shimo jeusi, akaja kukiri kushindwa mwaka 1990. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinalipa uzito wa majua 21 hivi na umbali wa miakanuru 7,200 hivi, mwakanuru ukiwa ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja.

Nyota yenyewe inaonekana kutoka kwetu. Mwezi Septemba, mnamo saa tatu usiku, mtu aliye pwani akitazama kaskazini ataliona kundinyota la Dajaja, ndilo Cygnus la Walatini, likiwa nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Mimi huenda Mambrui, mbali na taa za Malindi, nikaegemeza darubini ya mikono juu ya ukuta wa kiunga ili isitikisike. Kwenye shingo ya ndege huyo kuna nyota ya wastani iitwayo Eta Cygni, na umbali wa mwezi mpevu kutoka hapo kuna vinukta vidogo vidogo ambavyo bila ramani huwezi kuvitenga. Kimoja kati ya hivyo ndicho. Hakina uzuri wowote wa kusimulia. Mpwa wangu alipokitazama aliuliza kama tumefunga safari yote kwa ajili ya hicho, nikamwambia ndiyo.

Setilaiti nyingine za Ngomeni nitazipita haraka, si kwa kuwa hazikufanya kazi. SAS-2, ya Novemba 1972, ilitazama miale ya gama, yenye nguvu kuliko eksirei, na kukutana na chanzo cha ajabu kilichokuja kuitwa Geminga. Ariel 5 ya Uingereza, iliyorushwa Oktoba 1974, ilikuta mwaka uliofuata chanzo kilicholipuka ghafla hadi kuwa king'avu kuliko vyote angani katika eksirei, na humo nako limethibitishwa shimo jeusi. SAS-3 ilifuata Mei 1975. Roketi ya mwisho iliondoka Machi 1988, na tangu hapo majukwaa yanaliwa na chumvi.

Watu wengi hudhani habari iliishia hapo. Haikuishia, kwa sababu kituo cha nchi kavu, kinachoitwa sasa kwa jina la Broglio, kina antena zinazopokea data mpaka leo, na setilaiti inayozunguka karibu na ikweta hupita juu yake karibu kila mzunguko. BeppoSAX ya Italia, iliyorushwa kutoka Florida mwaka 1996, ilitegemea kituo hicho: kila baada ya dakika 97 hivi ilipita, ikamwaga data zake kituoni hapo, ambapo wanaanga hupaita Malindi tu, nazo zikapelekwa Roma. Tarehe 28 Februari 1997 iliona mlipuko wa miale ya gama. Milipuko ya aina hiyo ilikuwa imegunduliwa mwaka 1967 na setilaiti za kijeshi za Marekani, na kwa miaka 30 wataalamu walibishana kama inatokea jirani na galaksi yetu au mwisho wa ulimwengu. Safari hii chombo kiligeuzwa upesi, na saa nane baada ya mlipuko kikakuta mabaki yake yakingali yanang'aa kwa eksirei. Darubini za kawaida zikaelekezwa hapo, na katika miezi michache iliyofuata, kwa mlipuko mwingine wa Mei, umbali ukapimwa kuwa wa mabilioni ya miakanuru. Mabishano ya miaka 30 yalimalizwa na data zilizoshukia katikati ya mikoko ya Ngomeni, na sikumbuki gazeti letu hata moja lililolitaja jambo hilo.

Baada ya BeppoSAX zilifuata setilaiti nyingine. Swift, ya mwaka 2004, hushusha data zake Malindi, na NuSTAR ya mwaka 2012 pia. IXPE, iliyorushwa Disemba 2021 kupima mwelekeo wa mtetemo wa eksirei, hutumia Malindi kama kituo chake kikuu. Mojawapo ya vitu vya kwanza ilivyovitazama kwa makini, mwezi Mei 2022, ni Cygnus X-1. Ikaonekana kwamba gesi ya moto karibu na shimo lile imetanda ubavuni pamoja na diski ya gesi inayolizunguka na kuingia ndani, haikujipanga kando ya mkondo unaorushwa nje. Kwa hiyo shimo jeusi ambalo Uhuru ililifuatilia baada ya kupaa kutoka hapa limetazamwa tena zaidi ya miaka 50 baadaye, na habari zake zimeshuka palepale.

Na sasa siasa, kama nilivyoahidi. Wanaopigia kelele kodi ya kituo wana haki, lakini mimi huhesabu viti kabla ya kuhesabu fedha: nani aliketi mbele ya zile tarakimu? Miaka ya 1970 watu wetu walikuwa kwenye boti, jikoni na malangoni. Jina la Uhuru lilikuwa adabu njema ya mgeni kwa mwenyeji, lakini jina si hisa. Hali imeanza kubadilika. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipeleka angani setilaiti ndogo, 1KUNS-PF, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, na tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1 ya Shirika la Anga la Kenya ilirushwa kutoka California. Taifa-1 ilitengenezwa itazame chini, kwenye mashamba na mito yetu, na katika nchi ya ukame na mafuriko sina ubavu wa kulipinga hilo. Natamani tu mojawapo ya zitakazofuata itazame juu.

Wakati tunasubiri, kijana anayetaka kuketi kwenye kiti hicho hana haja ya ruhusa ya mtu. Data za Swift, NuSTAR na IXPE huwekwa wazi kwenye intaneti bila malipo, hata za Uhuru zimehifadhiwa, na programu za kuzichambua ni za bure pia, ingawa kuzifunga kwenye kompyuta kunahitaji subira na nafasi kubwa ya diski. Wanaoniuliza waanzie wapi nawaambia waiache Cygnus X-1 kwa muda na kuanza na Hercules X-1, nyota ya nyutroni nyingine ambayo tabia yake ilifichuliwa na Uhuru. Mapigo yake ya sekunde 1.24 hujitokeza mapema kwenye mchoro na kumpa mwanafunzi moyo wa kuendelea. Tahadhari ni moja: nguvu zake hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 35, na kwa sehemu kubwa ya siku hizo hufifia, kwa hiyo angalia kwanza tarehe za data kabla ya kutumia vifurushi vyako kuzipakua.